Nilisema "baada ya saa nane", mama akasikia saa nane mchana. Nilikosea wapi?

mtoadawa_muheza

Wakuu shikamooni, na wa rika langu habari zenu.

Nauza kwenye duka la dawa muhimu huku Muheza, mwaka wa tatu sasa. Juzi alikuja mama na mwanawe wa miaka mitatu, kilo 13, mkononi ana karatasi ya zahanati: malaria imeonekana. Nikampa mseto, kidonge kimoja mara mbili kwa siku, siku tatu, jumla vidonge 6. Cha kwanza mtoto alikinywa palepale dukani, saa nne asubuhi, tumekiponda kwenye kijiko na maji. Nikamwambia mama, "Cha pili mpe baada ya saa nane." Nikamuuliza, umeelewa? Akasema, "Ndiyo, ahsante dada."

Saa kumi alasiri akarudi anahema, mtoto mgongoni, ametapika. Cha pili ulimpa saa ngapi? "Saa nane, kama ulivyoniambia." Yaani muda wa saa nne tu tangu cha kwanza, na mimi nilimaanisha muda wa saa nane. Tuliongozana hadi zahanati, mtoto akaangaliwa, anaendelea vizuri.

Lakini mimi roho haijatulia. Shuleni nilifundishwa kwamba wingi wa saa ni saa, "masaa" ni kosa, na nimeshika hivyo hadi leo. Kwa hiyo nilisema Kiswahili sanifu, naye alichosikia ni Kiswahili sanifu pia. Tulipotezana wapi?

kijana_wa_korogwe

Pole dada. Ila mama naye angeuliza. Mtu akinyamaza utajuaje kama hajaelewa?

mtoadawa_muheza

Hapana ndugu yangu, angeuliza nini? Hakuwa na shaka yoyote. Alitoka pale ana uhakika kabisa.

nesi_mstaafu

Marahaba mwanangu. Nimekaa wodi ya watoto miaka mingi, nakwambia hilo swali la "umeelewa?" liache. Jibu lake ni ndiyo siku zote. Mama amesimama mbele ya mtu mwenye koti jeupe, nyuma yake kuna foleni, mtoto anachemka. Atasema hapana saa ngapi? Ile ndiyo ni ya heshima.

Mimi nilikuwa nauliza hivi: "Mama, ukifika nyumbani bibi yake akikuuliza dawa inanywewaje, utamjibuje?" Halafu nanyamaza. Hapo utasikia mambo! Bahasha imeandikwa 1x3, yaani kimoja mara tatu kwa siku, mtu anakueleza vidonge vitatu kwa mkupuo mmoja. Wala si mjinga, ameisoma kama ilivyoandikwa. Na ukiuliza, usiulize kama mwalimu wa mtihani. Sema unataka kujua kama wewe umeeleza vizuri, aibu ibebe wewe.

Jingine: hesabu usimwachie. Umempa saa nne asubuhi, basi mtajie kabisa: "saa kumi na mbili jioni, jua linapozama." Cha tatu kesho saa nne asubuhi, cha nne saa nne usiku, na keshokutwa vivyo hivyo. Andika juu ya pakiti. Asiyesoma mchoree jua na mwezi.

mwalimu_mawasiliano

Dada, nafundisha somo hili chuoni, na kisa chako kinaonyesha pale ambapo mchoro tunaoanza nao unaishia. Mtoa ujumbe, njia, kelele, mpokeaji: asili yake ni Claude Shannon, mtaalamu wa hisabati na uhandisi wa Marekani, mwaka 1948. Yeye alikuwa anashughulikia mawimbi ya simu, yafike bila kuharibika. Maana ya maneno aliiweka kando, na alisema hivyo waziwazi. Kwa mchoro huo ujumbe wako ulifika mzima, kila silabi.

Mwaka 1954 Wilbur Schramm, mtaalamu wa mawasiliano wa Marekani, akachora maduara mawili, moja uzoefu wako, lingine uzoefu wake. Mnaelewana pale yanapopandana tu. Kwako "saa nane" ilikuwa urefu wa muda, kwa sababu umesomea vipimo vya dawa. Kwake ni pale watoto wanapotoka shule. Neno ni moja, na lugha yetu inaruhusu maana zote mbili. Usanifu hapo haukusaidii. "Masaa manane" lingemwokoa, hata kama mimi mwenyewe ningelisahihisha kwenye insha.

Na "ndiyo" yake uliichukua kuwa mrejesho. Mrejesho ni akurudishie ujumbe wenyewe, kwa maneno yake, kama anavyosema mama yetu nesi hapo juu.

mtoadawa_muheza

Nimerudi. Leo amekuja mzee wa kilo 60 na zaidi, dozi ya watu wazima, vidonge 24. Nimemweleza: vinne asubuhi, vinne jioni, siku tatu. Nikamuuliza, "Babu, mama wa nyumbani akikuuliza utamwambiaje?" Akajibu bila kusita: "Vinne kwa siku. Viwili asubuhi, viwili jioni."

Nilitetemeka, jamani. Kwa miaka mitatu ni wangapi wameondoka hivyo mlangoni kwangu? Nikamwonyesha kwa vidole, safu kwa safu kwenye pakiti, akarudia mara ya pili, akapatia.

Mama nesi, nina swali moja. Mgonjwa yuko kitandani, dawa anatumwa mtoto wa miaka tisa. Huyo namfanya arudie maelezo vipi?

nesi_mstaafu

Huyo mpe dawa, maelezo usimpe yeye. Muulize namba ya simu ya mama, piga akiwa bado amesimama hapo, na mama akurudishie maelezo mwenyewe. Simu ikikataa, mfungie pakiti yenye maandishi makubwa, kisha jioni ukifunga duka pita ugonge hodi.

mtoadawa_muheza

Nyumba ya kwanza ya kugonga hodi ni ya yule mama. Leo usiku ni kidonge cha mwisho.