Mrejesho: komiti ya Jumatatu kukaa juu ya ya Jumatano kwenye git log

Wakuu nimerudi. Niliuliza kwa nini git log yangu (amri ya Git, programu ya kutunza matoleo ya kodi, inayoorodhesha komiti, yaani mabadiliko uliyohifadhi, mpya ikiwa juu) inaweka komiti ya Jumatatu juu ya ya Jumatano, nikahisi repo (hifadhi ya mradi) imeharibika. Haijaharibika kabisa. Mdau mmoja aliniambia nipige git log --format=fuller na hapo ndo nikaona, kumbe kila komiti ina tarehe mbili, AuthorDate (ilipoandikwa mara ya kwanza) na CommitDate (ilipoandikwa mara ya mwisho), yangu AuthorDate inasoma Jumatatu 09:12 ila CommitDate ni Alhamisi jioni, maana Alhamisi nilifanya ribesi (rebase, kuzihamishia komiti zako juu ya msingi mwingine), na ribesi inaacha ile ya kwanza kama ilivyo halafu hii ya pili inaandikwa upya. Sasa Git inapanga kwa CommitDate lakini inakuonyesha AuthorDate, kwa kweli hii inachanganya sana mtu anayeanza.

Pia matawi mawili (mistari miwili ya kazi iliyoenda sambamba) yakishaungana komiti zake zinaingiliana kwenye orodha, so siku hizi natumia --topo-order, inamaliza tawi moja ndo inahamia lingine na komiti mzazi (iliyotangulia) haitokei kabla ya watoto wake wote (komiti zilizojengwa juu yake). Ukiweka --graph inapanga hivyo yenyewe. Asanteni sana jamani, nilikwama siku mbili nzima.