Eti mimi ni deep state! Nimeuliza hela za ukumbi tu!

Wakuu, nimetoka kikaoni sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Yule mweka hazina mnamjua, hakuna harusi mtaani ambayo hajashika daftari. Nimemuuliza swali moja: hela za ukumbi ziko wapi? Kasimama, kaninyooshea kidole mbele ya wakwe: "Huyu ni deep state, katumwa!" Mbele ya wakwe!

Deep state, mimi? Muuza vipuri vya pikipiki? Jina hilo limetoka Uturuki, wenyewe wanaita derin devlet: majenerali, majasusi na majambazi wanaoendesha dola chinichini. Wengi waliamini ipo tarehe 3 Novemba 1996, Mercedes ilipogonga lori huko Susurluk. Ndani kulikuwa na ofisa mkubwa wa polisi, muuaji aliyekuwa anasakwa na polisi haohao, mrembo mmoja na mbunge. Akapona mbunge peke yake. Muuaji kakutwa na hati za serikali zenye jina bandia! Waziri wa mambo ya ndani akajiuzulu. Hiyo ndiyo deep state! Baadaye Trump akawabandika watumishi wa umma, na leo anayeomba risiti ya ukumbi naye kabandikwa. Ukumbi mzima umecheka mpaka mabati yametikisika, shangazi yangu wa damu kahamisha kiti. Mbele ya wakwe, wakuu!

Mkorosho: Umezunguka Uturuki yote hujasema kama mchango wako umemaliza.

Binti Pangani: Deep state haina hata kadi ya mwaliko 😂😂

Nyayo254: Huku Kenya 2022 tuliambiwa deep state ishampanga Raila. Ruto akatangazwa mshindi kwa asilimia 50.49. Waliotutisha nayo wote kimya.

Mleta uzi: Mchango nimemaliza, risiti ninayo! Hoja ni mbele ya WAKWE!

Mzee wa Kahawa: Mimi mwaka jana nilichanga laki, nikaambulia soda moja ya moto na pilau halina nyama.

Binti Pangani: Wewe soda ulipata? Meza yetu ya nyuma tuliletewa maji, tena ya kugawana.

Mleta uzi: Jamani, mbele ya wakwe!

Mkorosho: Mzee wa Kahawa, hilo pilau ni la ukumbi wa kule bondeni? Nami nililila.

Nyayo254: Kamati ya kwetu ilichinja mbuzi wawili, sisi tukaona supu.