Wanakuja kliniki mara moja, hawarudi. Tubadilishe nini?

SistaWaMagharibi:
Hamjambo wenzangu. Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya cha umma huku magharibi mwa Nairobi. Kati ya kina mama wanaokuja kwetu wako Wamaasai: wengine waume zao ni walinzi wa usiku Karen, wengine wanauza shanga na miti shamba kando ya barabara. Mama akiwa mjamzito anakuja, anapimwa damu na presha, anapewa kitabu cha mama na mtoto, basi. Baadaye unasikia amejifungulia nyumbani, mama mkwe ndiye mkunga.

Kituo kiko karibu nao, kwa hiyo umbali si sababu. Nimekaa na wachache nikawasikiliza. Mmoja aliitiwa kundi la wanafunzi waje waone alivyotahiriwa, hakuna aliyemwomba ruhusa. Mwingine alikemewa mbele ya foleni nzima kwa kupunguza chakula miezi ya mwisho ili mtoto asiwe mkubwa mno. Na aliyekuwa akimtafsiria ni mwanawe wa shule ya msingi. Mvulana anaulizwa kama mamake anatokwa na damu! Nilisikia uchungu sana.

Msimamizi wetu anapendekeza semina ya siku moja kuhusu mila za Wamaasai. Mimi naona haitatosha. Kwenu mmefanya nini kikasaidia?

AfisaKajiado:
Sista, pole na kazi. Mimi ni afisa wa kliniki na Kimaa ndiyo lugha ya nyumbani. Semina hiyo naiogopa. Watu watatoka wakidhani wanamjua kila Mmaasai, na yule binti aliyesoma chuo kikuu ataambiwa "nyinyi huwa hamtaki hivi" kabla hajafungua mdomo.

Anzeni na mkalimani: mwanamke mtu mzima, asiye jamaa ya mgonjwa, aliyefundishwa kutunza siri. Wahamasishaji wa afya ya jamii mnao tangu 2023. Angalieni kama yuko hata mmoja anayesema Kimaa.

Kuhusu chakula, msianze na "acha". Muulize anaogopa nini. Hofu yake ina msingi kabisa: mtoto akikwama usiku kule Loita, mashambani Narok, gari litatoka wapi? Mwambie kwamba hapa Nairobi hospitali ya upasuaji iko karibu, na mpange pamoja atafikaje. Akishaona hofu yake imesikika, ndipo mzungumze damu kupungua, vidonge vya madini ya chuma, maziwa na mboga. Na mkaribishe mama mkwe. Mkimwacha nje ya mlango, uamuzi utafanywa nyumbani bila nyinyi.

BintiWaMau:
Naongeza upande mwingine. Mimi ni Mogiek, jamii ya asili ya msitu wa Mau, naishi Kawangware, Nairobi. Tulishinda kesi dhidi ya serikali ya Kenya, kwa kututoa msituni, katika Mahakama ya Afrika mwaka 2017, na 2022 ikaamuru tulipwe fidia na ardhi yetu itambuliwe. Lakini nyanya yangu bado anaiona serikali kama mtu aliyekuja kumtoa msituni. Sasa karani dirishani anamuuliza, bila hata salamu: kitambulisho, makao, chifu wako nani? Kwake hiyo ni orodha ya watakaofukuzwa. Mwelezeni kwanza kwa nini mnauliza, na majibu yanaandikwa wapi. Tena mkimuuliza ametumia dawa gani za miti, msicheke. Akichekwa atanyamaza, na nyinyi mtampa dawa bila kujua ameshakunywa nini.

Wala msione kama mnatufanyia hisani. Kifungu cha 56 cha Katiba kinataka serikali ihakikishe jamii zilizotengwa zinafikiwa na huduma za afya.

Mkunga_aliyerudi:
Nilifanya kazi New Zealand. Huko wauguzi Wamaori, wenyeji asilia wa nchi hiyo, akiwemo Irihapeti Ramsden, walipigania "usalama wa kitamaduni", yaani mgonjwa ahudumiwe bila utu na mila zake kudharauliwa, hadi baraza la wauguzi likaliingiza katika mafunzo mwaka 1992. Msimamo wao: anayeamua kama huduma ni salama ni anayehudumiwa. Kwa hiyo, Sista, msijipime wenyewe. Mtu asiye wa kituo chenu awaulize hao kina mama wametendewaje, na majibu yafike kwenye kamati ya kituo. Je, kamati hiyo ina mwanamke wa Kimaasai? Kule Redfern, Sydney, Waaborijino, wenyeji asilia wa Australia, walianzisha kliniki yao mwaka 1971, ikiongozwa na wao wenyewe. Nyinyi anzeni na kiti kimoja, chenye sauti na kura.

Tena, mama anayetaka kuchuchumaa akijifungua aachwe achuchumae. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 unasema achague mkao wake.

SistaWaMagharibi:
Asanteni sana. Hili la kamati sikuwa nimelifikiria, na ndilo nitakalolipeleka kwa msimamizi kwanza. La wanafunzi halingoji kikao: kuanzia zamu yangu ya kesho, mama haangaliwi na mwanafunzi yeyote bila kuulizwa na kukubali, kwa lugha anayoielewa. AfisaKajiado, mkalimani huyo kwenu analipwa kutoka fungu gani? Sitaki tumpate mama mzuri halafu tumfanyishe kazi bure.