Tunapokea simu za kampuni ya simu, mshahara tunalipwa wa "sekta nyinginezo"

Wakuu, heshima kwenu wote.

Hili jambo nimelimeza tangu slipu ya mshahara ya Januari itoke, leo nalitapika. Uzi ni mrefu. Asiyependa marefu apite tu, sitanuna.

Mimi ni mhudumu wa simu, Dar es Salaam. Ukituma hela kwa namba ambayo siyo, saa tano usiku, ukapiga huduma kwa wateja huku mikono inatetemeka, anayekwambia "pole sana, naomba unitajie majina yaliyosajiliwa kwenye laini yako" ni mimi au mwenzangu wa kiti cha pembeni. Mtandao siutaji, na mwajiri wangu simtaji, maana nina kodi ya nyumba. Ila wateja wengi hawajui kwamba yule wanayemfokea "kampuni yenu wezi" kampuni hiyo haijamwajiri. Fulana niliyovaa ina nembo ya mtandao. Salamu ninayoanza nayo ina jina la mtandao. Mfumo ni wa mtandao, na simu niliyopokea ikisikilizwa upya ikaonekana nimekosea, moto unawashwa na mtandao. Mkataba peke yake ndio una jina jingine, la kampuni iliyoshinda zabuni ya kupokea simu. Mshahara unatoka huko.

Mtu akikuuliza mhudumu wa simu analipwa kiasi gani, usianze kumtajia elimu, uzoefu wala sauti nzuri. Muulize kwanza mkataba wako juu kabisa umeandikwa jina la nani. Hayo mengine yote yanafuata nyuma kwa mbali.

Chukueni Amri ya Mishahara ya 2022 (Tangazo la Serikali, yaani GN, namba 687), ile iliyotumika tangu Januari 2023 hadi Desemba 2025. Huduma za mawasiliano ya simu, kima cha chini 500,000 kwa mwezi. Taasisi za fedha, 592,000. Biashara na viwanda, 150,000. Sekta ambazo hazikutajwa, 150,000. Sasa wekeni watu watatu wenye hedifoni kichwani: mmoja ameajiriwa na benki, mmoja na mtandao wa simu, mmoja na kampuni ya zabuni kama mimi. Wote wanasema "karibu, nikusaidie nini". Wote wanatukanwa. Sheria ilimlinda wa kwanza kwenye 592,000, wa pili kwenye 500,000, na mimi nikihoji naambiwa "sisi siyo kampuni ya mawasiliano, sisi tunatoa huduma za kibiashara". Yaani kutwa nashughulika na laini, bando na miamala, lakini siyo mawasiliano!

Amri mpya iliyoanza tarehe 1 Januari 2026 ilishangiliwa sana, na ni kweli wastani wa kima cha chini sekta binafsi umepanda kutoka 275,060 hadi 358,322. Sipingi. Lakini mpangilio ni uleule wa sekta kwa sekta, na anayeamua yuko sekta gani ni mwajiri mwenyewe, mpaka siku afisa kazi apite. Kwetu sijamwona akipita.

Majirani zetu Kenya wanafanya tofauti. Amri yao ya mishahara inataja kazi yenyewe: opereta wa simu yumo kwa jina lake, kundi moja na karani wa kawaida, mpokea wageni na mtunza stoo, na kiwango kinategemea uko majiji kama Nairobi na Mombasa, uko mji mdogo, au uko mbali na miji. Sisemi Kenya ni peponi, wana malalamiko yao na wanayaandika kila siku. Nasema tu kwamba pale bosi hawezi kubadilisha kazi yako kwa kubadilisha leseni yake ya biashara.

Turudi kwenye zabuni, maana hapo ndipo mshahara wetu unapopangwa. Mtandao unatangaza kazi: tunataka viti kadhaa, simu zipokelewe ndani ya sekunde kadhaa, usiku na mchana. Makampuni yanashindana kwa bei. Atakayeshinda ataitoa wapi faida yake? Umeme hawezi kuukopa. Pango la jengo halipungui. Kompyuta ameshanunua. Kinachobaki cha kubana ni mtu. Na zabuni ikiisha, kampuni nyingine ikishuka bei ikachukua, sisi tunahamia nayo kwenye viti vilevile, jengo lilelile, tunasaini mkataba mpya kama vile tumeingia mjini jana. Miaka yako yote ya kazi inafutika. Kwetu yuko dada amepokea simu tangu enzi za vocha za kukwangua, anajua kila tatizo kabla mteja hajamaliza sentensi, na anazidiwa mshahara na kijana aliyeingia juzi kitengo cha wateja wakubwa kwa sababu tu kijana anajua Kiingereza cha mkutanoni.

Halafu kuna wanaosema utaratibu huu ni halali, "ndiyo biashara". Mwaka 2014 Wizara ya Kazi iliwapiga marufuku mawakala wa ajira kuwaajiri watu kisha kuwakodisha kwa makampuni. Ilisemwa hadharani, kanuni zikatungwa. Kilichotokea kila aliyekuwepo anakijua: bango la "wakala wa ajira" likashushwa, likapandishwa la "mtoa huduma". Watu walewale, viti vilevile.

Sasa slipu yangu ya Januari, iliyonifanya nifungue huu uzi.

Hadi Desemba nilikuwa na mshahara wa msingi 300,000 na posho ya nauli na chakula 100,000. Tukaitwa kikao, keki ikakatwa (keki jamani!), tukaambiwa kampuni imeunga mkono juhudi, mshahara wa msingi umepanda hadi 400,000. Makofi. Slipu inakuja, posho haipo. "Imejumuishwa." Jumla ni ileile laki nne. Ungesema basi, hatujapata wala hatujapoteza. Subiri. Mimi ni mnufaika wa Bodi ya Mikopo kama nusu ya watu wa chumba kile, kwa sababu siku hizi bila digrii hata usaili wa kupokea simu huitwi. Bodi wanakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Asilimia 15 ya 300,000 ni 45,000. Ya 400,000 ni 60,000. Kwa hiyo mwezi ambao nchi nzima inashangilia nyongeza, mkononi mwangu imepungua 15,000. Piga hesabu mwenyewe: NSSF asilimia 10 inaondoka 40,000, kodi ya mshahara inaondoka 7,200, Bodi 60,000. Kinachobaki ni 292,800. Nauli na chakula cha mchana sasa natoa humohumo.

Kuna mjuaji atasema lakini ovataimu inapigwa kwenye mshahara wa msingi, kwa hiyo imepanda. Ndiyo, ingepanda. Wiki ileile tukatumiwa ujumbe kwamba ovataimu ya hela imesitishwa, atakayezidisha saa atapewa ofu. Ofu zenyewe ukiomba unaambiwa foleni ya simu ni kubwa. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 15, inataka masharti ya kazi yakibadilika mfanyakazi ashirikishwe na ajulishwe kwa maandishi. Sisi tulishirikishwa keki.

Na hayo mabadiliko yanakuja juu ya wizi wa zamani ambao tumeuzoea hadi tunauona ni utaratibu. Shifti ikianza saa mbili kamili, saa mbili kasorobo unatakiwa uwe umekaa, umefungua mifumo, umesikiliza maelekezo ya siku. Hiyo robo saa hailipwi. Robo saa kwa siku 26 ni saa sita na nusu kwa mwezi. Kwa mshahara wa msingi wa 400,000 na wiki ya saa 45, saa moja ni kama 2,050, na sheria inasema ovataimu isipungue mara moja na nusu. Hapo ni kama 20,000 kila mwezi, kwa kila kichwa. Zidisha kwa ukumbi uliojaa watu uone hiyo keki ilinunuliwa na nani.

Usiku ndio kichekesho, na hapa hata sheria yenyewe naigombeza. Kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi mwajiri anatakiwa akuongeze asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Asilimia 5 ya 2,050 ni shilingi mia na kitu. Ukikesha saa nane unapata 820. Mia nane na ishirini, jamani, kwa usiku mzima wa kuongea na walevi, wanaotaka kukuoa, na yule wa Mbeya anayepiga kila siku saa tisa kuuliza kama mtandao uko hewani. Bodaboda tu ya kunifikisha nyumbani kabla daladala hazijachanganya inakula hiyo hela mara kadhaa. Na bado kuna miezi hiyo 820 yenyewe haionekani kwenye slipu, ukiuliza unaambiwa mfumo ulikuwa na changamoto.

Bonasi sitaizungumzia sana, maana ni hadithi. Ipo kwenye karatasi. Ili uipate inabidi simu zako zisizidi dakika zilizowekwa, mteja akupe alama nzuri baada ya simu, usichelewe, usiumwe, na wale wa kitengo cha ubora wakisikiliza simu zako mbili tatu za mwezi wasikute kosa. Sasa bibi kapoteza hela ya mazao, haelewi nini maana ya kurudisha muamala, nimpe dakika nne nimkatie? Ukimsikiliza unakosa bonasi kwa muda. Ukimwahisha unakosa bonasi kwa alama. Na mteja ambaye hela yake imeshatolewa na aliyetumiwa, hata ungemwimbia, alama atakupa sifuri. Msalani ukizidisha dakika, jina lako linawekwa kwenye grupu la WhatsApp.

Kwa nini hatugomi, mtauliza. Angalieni mikataba: wageni wanaanza na miezi mitatu, mingine mitatu, kisha "tutakuita". Haikutokea kwa bahati. Kifungu cha 35 cha sheria ileile kinasema ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haumhusu mwenye chini ya miezi sita kazini. Mwajiri anakijua kifungu hicho kuliko anavyojua majina yetu. Chama cha wafanyakazi nacho ni kitendawili. TEWUTA ni cha watu wa mawasiliano, mwajiri anasema sisi siyo mawasiliano. Mwenzetu mmoja alianza kupitisha fomu za kujiunga na chama kingine, ratiba yake ikageuka usiku mtupu hadi akaacha mwenyewe.

Ambao mko kwenye mapokezi ya simu ya hoteli au hospitali binafsi, najua na nyie mna yenu, mnahesabiwa kwenye sekta za hoteli na afya. Angalau sekta yenu haina ubishi.

Na nyie wa "si uache kazi, vijana wako mtaani wanaitaka". Hiyo sentensi ndiyo HR anaitumia neno kwa neno. Kama unaisema bure bila kulipwa na HR, pole. Serikalini kima cha chini ni 500,000 tangu Julai 2025. Hakuna aliyewaambia wa serikalini kwamba mtaani kuna vijana.

Ninachotaka humu ni vitu viwili. Mwanasheria au yeyote mwenye uamuzi wa CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoamua migogoro ya kazi) ambapo mhudumu wa kampuni ya zabuni alidai kima cha sekta ya mawasiliano, auweke hapa, ameshinda au ameshindwa. Najua muda ni siku 30 kwa aliyeachishwa na siku 60 kwa madai mengine, kwa hiyo kwa slipu ya Januari saa inakimbia, msije na maneno ya "tuombe Mungu". Na mlio kwenye viti, Dar, Arusha, Mwanza, Dodoma, andikeni: mkataba wa mtandao au wa zabuni, mshahara wa msingi kiasi gani, usiku inalipwa au hailipwi. Jina lako usiweke, la kampuni usiweke.

Timu lida wangu, najua uko humu na jina lako la bandia nalijua. Slipu yako uliisahau kwenye printa. Unanizidi elfu themanini. Usinitishe kwa ajili ya elfu themanini.