Naomba ushauri: Samba ya ofisini imezeeka, nisasishe sasa au nisubiri mwisho wa mwezi upite?

Kipimaji_Dom: Wakuu, heshima kwenu. Nasimamia kompyuta za ofisi ya upimaji ardhi, Area D, Dodoma. Ramani zote za viwanja, za Ihumwa, Nala na kwingineko, ziko kwenye seva moja yenye mfumo wa Ubuntu 14.04, na wapimaji wanazifungua kwenye Windows kupitia Samba, programu ya kushirikishana faili. Nimesoma kuhusu ule udhaifu wa 2017 waliouita SambaCry, usingizi sipati. Kuna kazi ya kuwasilisha mwisho wa mwezi. Nikisasisha seva ikagoma kuwaka, nimekwisha. Nifanyeje?

Zabibu_Chungu: Nunua UPS (betri ya akiba) kwanza. Sisi Nkuhungu umeme ulikatika sasisho likiwa katikati, mashine haikuwaka tena. Tulishinda wiki nzima tunakusanya faili kwenye flashi za wafanyakazi, na nyingine hazikupatikana mpaka leo.

Mama_Mtandao: Mdogo wangu, matengenezo ya kawaida ya 14.04 yaliisha Aprili 2019. Hizo ni nyaraka za watu waliouza ng'ombe wapate kiwanja. Mnalalaje?

FundiSeva: Twende kwenye swali. SambaCry, namba yake rasmi CVE-2017-7494, inagusa matoleo ya Samba kuanzia 3.5.0. Kiraka, yaani sasisho la kuziba udhaifu, kilitoka Mei 2017 kwenye 4.6.4, 4.5.10 na 4.4.14. Mshambuliaji anatafuta folda anayoweza kuandika ndani yake, anapandisha faili la .so (kipande cha programu ya Linux), halafu anailazimisha seva ilipakie. Likipakiwa linafanya kazi kwa mamlaka ya root, msimamizi mkuu wa seva. Sasa nijibu mawili: kuna folda isiyo na nywila? Na poti 445, mlango wa Samba kwenye mtandao, inaonekana kutoka nje?

Kipimaji_Dom: Folda ya Pamoja haina nywila. Wapimaji wakirudi kutoka porini jioni hawataki usumbufu.

FundiSeva: Na 445?

Kipimaji_Dom: Iko wazi kwenye ruta. Bosi anakaa Dar na anataka michoro saa yoyote, VPN (njia salama ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa mbali) ilikuwa inamchanganya. Lakini nimeshaweka mstari wa kujikinga, "nt pipe support = no", kwenye smb.conf (faili la mipangilio ya Samba) na kuwasha smbd, yaani Samba yenyewe, upya, kwa hiyo naona tunaweza kufika mwisho wa mwezi salama.

Kijiwe_Jamatini: Mkuu umeacha geti wazi halafu umebandika kibao cha mbwa mkali 😂

Abiria_wa_SGR: Bosi si apande treni tu? Ijumaa nimetoka Dar baada ya kazi, chakula cha usiku nimelia Dodoma. Zamani kwa basi ilikuwa siku nzima.

Mtilia_Shaka: Hii chai. Nani bado ana 14.04? Na wapo watoa huduma wa intaneti wanaoziba 445, we yako imepitaje? Tuwekee majibu ya smbd -V.

Kipimaji_Dom: Sina sababu ya kutunga, kazi yangu ndiyo iko hatarini. Haya: Version 4.1.6-Ubuntu. Laini yetu ni ya ofisi, ina IP ya kudumu, haijazibwa. Na kuna jambo sikulitaja. Ndani ya Pamoja kuna faili lenye jina la herufi nane zisizosomeka, linaishia na .so. Nilichukulia ni la programu ya ramani, nikaliacha.

Mtilia_Shaka: Bado. Ubuntu huweka kiraka bila kupandisha namba ya toleo. Hiyo 4.1.6 haithibitishi kitu.

FundiSeva: Kwa kawaida uko sahihi. Ila ulipokuja udhaifu mwingine wa Samba, Badlock, Aprili 2016, Ubuntu waliihamisha 14.04 kwenda Samba 4.3. Anayeonyesha 4.1.6 hajasasisha tangu kabla ya hapo. Mimi namwamini.

Kipimaji, swali la kusasisha limeshapitwa na wakati. Mstari uliouweka unaziba njia ile moja ya 2017, haumtoi aliyekwisha kuingia. Funga 445 kwenye ruta sasa hivi, kisha chomoa waya wa mtandao. Hilo .so usilifute, piga nakala ya diski nzima ili ijulikane lilitua lini. Hesabu kwamba seva yote imeguswa. Jenga nyingine kwenye mashine tofauti, toleo jipya, hamisha ramani na hati tu, programu na skripti ziache huko huko. Badilisha nywila zote. Toa taarifa TZ-CERT, timu ya taifa ya matukio ya usalama wa mtandao, wako chini ya TCRA. Bosi mwekee WireGuard, VPN nyepesi, kwenye simu na laptop, anawasha kwa kugusa mara moja.

Kipimaji_Dom: Nikichomoa waya, wapimaji watafanyia kazi wapi?

FundiSeva: Kwenye mashine mpya. Anza kuhamisha kazi za mwezi huu, ukizilinganisha na nakala za zamani. Za miaka ya nyuma zitafuata.

Mama_Mtandao: Na wateja wataambiwa? Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, si suala la hiari ya ofisi.

Kipimaji_Dom: Hilo ni la bosi, dada. Nimefunga 445. Ameshapiga simu anauliza mbona faili hazifunguki.

Mama_Mtandao: Mwambie ukweli kwenye simu hiyo hiyo.

Mtoto_wa_Mpwapwa: Samahani kuingilia, ruta yetu ni MikroTik. WireGuard inakubali?

FundiSeva: Kuanzia RouterOS 7, mfumo wa ruta za MikroTik, ipo. Kama uko chini ya hapo, sasisha ruta kwanza.