Vyumba vya laki moja karibu na Kariakoo bado vipo?

Kitenge_Kkoo
Habari za humu wakuu. Nauza kwenye duka la mtu la vitenge Kariakoo, nakaa Chanika. Tukifunga saa moja jioni, mpaka nigombanie daladala na foleni ya barabara ya Nyerere iishe, nafika mtoto keshalala. Natafuta chumba kimoja tu. Bajeti laki kwa mwezi, mkononi nina kodi ya miezi mitatu.

Juzi dalali kanipeleka Gerezani. Ukifungua dirisha unagusa ukuta wa ghorofa la jirani, taa inawashwa saa sita mchana. Chumba cha pili yake kimejaa maboksi ya viatu hadi darini. Choo kimoja, mita ya umeme ya LUKU moja nyumba nzima. Bei laki na nusu, miezi sita kwa mpigo, na mwezi mmoja wa dalali. Milioni moja na elfu hamsini, hata ndoo sijanunua! Mnaokaa mjini mnapata wapi?

Mzee wa Uani
Mwanangu, nimezaliwa Kariakoo enzi za nyumba za Kiswahili: korido katikati, vyumba huku na huku, uani jiko na choo. Wazee wamekufa, warithi wameuza au wameingia ubia na wajenga maghorofa. Zilizobaki wanapangisha stoo. Mwenye nyumba si mjinga: mzigo haupiki, hauogi, hauna wageni, na mwenye mzigo analipa mwaka mzima. Laki yako hapo haifui dafu. Tena tangu lile ghorofa la hapa Kariakoo lianguke Novemba 2024, mimi hata bure silali kwenye jengo nisilolijua.

Vuka, nenda Ilala, Buguruni, Magomeni. Kigogo bei inashuka kadiri unavyousogelea Mto Msimbazi, na bei hiyo ina sababu. Mafuriko yakipita ukuta wanaupaka rangi. Wewe inama uangalie miimo ya mlango kule chini. Ukikuta imeoza, aga uondoke.

Wa_SharifShamba
Dada, Magomeni pazuri na mabasi ya mwendokasi yapo, ila mvua ikichachamaa barabara inafungwa pale Jangwani, unabaki upande usio wako. Mimi niko Ilala Sharif Shamba, elfu tisini, natembea barabara ya Uhuru hadi Kariakoo kama nusu saa hivi, nauli sina habari nayo. Sikupata kwa dalali. Jumapili asubuhi zunguka, uliza kwa mama chapati na wenye magenge, wao wanajua nani anahama kabla dalali hajanusa. Miezi mitatu wapo wanaokubali, hasa wenye nyumba wanaoishi humohumo. Mkielewana, andikishaneni serikali ya mtaa, usiridhike na daftari la mwenye nyumba.

Dalali_Ilala
Msituangushie jumba bovu. Miezi sita anataka mwenye nyumba, sio sisi. Ukipata kwa mama chapati, hongera yako.

Kitenge_Kkoo
Shikamoo mzee, nashukuru sana. Dada wa Sharif Shamba, hapo kwenu hakuna chumba? Nina mtoto wa darasa la pili na cherehani. Wengi wakisikia mtoto tu, chumba kinakuwa "kimeshachukuliwa".

Wa_SharifShamba
Kipo, aliyemo anahama mwisho wa mwezi. Mtoto hana neno, hapa wamejaa tele. Hiyo cherehani ni ya mguu au ya umeme? Maana LUKU tunachanga.