Nina digrii ya uuguzi, mwenye diploma anabeba nyingi kuliko mimi. Nani alinidanganya?

Wakuu, nimetoka zamu ya usiku, sijalala, na nina hasira. Nikikosea herufi mnivumilie.

Mishahara imeingia jana. Tukiwa chumba cha dawa, dada mmoja wa wodini kwetu mwenye diploma akafungua ujumbe wa benki: 419,040. Nikafungua wangu: 394,500. Wagonjwa ni walewale, dripu zilezile, tunapokezana kitanda kwa kitanda. Alianza kucheka, akaniona uso, akanyamaza. Bora angeendelea kucheka.

Chukueni kalamu. Mshahara wangu wa msingi ni 550,000, wake 480,000. Yaani hospitali yetu (ya binafsi, hapa Dar, jina naliacha) imeona miaka yangu minne ya chuo na mwaka mzima wa intani inamzidi mwenzangu kwa elfu sabini tu. Sawa, hata hiyo elfu sabini ningeila. Lakini kwangu NSSF (akiba ya uzeeni) wanachukua 55,000, PAYE (kodi ya mshahara) 18,000, halafu Bodi ya Mikopo iliyonikopesha hela ya chuo inakuja na asilimia 15 ya mshahara wa msingi: 82,500. Elfu sabini imeliwa yote na bado nadaiwa nyingine kumi na mbili na mia tano. Yeye hana Bodi. Alisoma miaka mitatu kwa ada ya 1,600,000 kwa mwaka, mama yake muuza samaki pale Feri akawa anapeleka kidogo kidogo mpaka ikaisha. Kidato cha nne tulimaliza pamoja, 2014. Mwaka 2019 mwenzangu yuko kazini analipwa, mimi niko mwaka wa pili nahesabu siku za bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo. Mshahara wangu wa kwanza nimeuona 2023.

Sasa njoo kwenye deni. Chuo cha binafsi, ada 3,800,000 kwa mwaka. Bodi ilinipa 2,500,000 kila mwaka, iliyobaki akaibeba mzee, jumla 5,200,000 kwa miaka minne, na kiwanja chake cha Mkuranga kikaenda na maji. Bumu enzi zetu ilikuwa 8,500 kwa siku, 510,000 kwa siku sitini. Weka na hela ya vitabu, deni likasimama karibu milioni 19. Gawanya kwa 82,500. Ni miezi 230! Nimeanza kukatwa nina miaka 26, nitamaliza nina 45, labda mshahara upande, na hapa kwetu sijaona dalili.

Tena mimi nina bahati. Ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa na Rais Samia mwaka 2021, kabla sijaanza kukatwa. Ingekuwepo, deni langu lingepanda kwa 1,140,000 mwaka wa kwanza wakati mimi kwa mwaka mzima nalipa 990,000. Ungekuwa unalipa na deni linanenepa. Kaka zetu waliokatwa kipindi kile walikuwa wakilia tunawaona wana kelele. Poleni sana.

Bodi siwalaumu. Hela niliomba mwenyewe nikaila mwenyewe, nyingine kwa chipsi. Wanaonitia hasira ni hawa waajiri. Nilimfuata afisa utumishi na karatasi yangu ya hesabu, akaisoma mpaka mwisho, akanirudishia: "Dada, sisi tunalipa nesi, hatulipi cheti." Haya. Mbona tangazo la kazi liliandika digrii ni lazima? Mbona wakaguzi wakija ni mimi ninayesukumwa mbele na leseni yangu ya Baraza la Uuguzi na Ukunga? Ratiba ya zamu napanga mimi, ripoti ya mwezi naandika mimi, wanafunzi wanaokuja mafunzo kwa vitendo wanakabidhiwa kwangu, posho sifuri. Cheti wanakitumia kila siku, siku ya malipo ndiyo hawakioni.

Najua mtasema serikalini ni tofauti. Ni kweli. Kwenye ngazi za mishahara ya watumishi wa afya, diploma anaanzia TGHS B, digrii TGHS C ya juu yake, na pengo linaonekana kwa macho. Hiyo ndiyo hesabu tuliyopigiwa tangu sekondari: soma digrii, utalipwa cha digrii. Kipengele cha kwamba lazima kwanza serikali ikuchukue hakuna aliyekitaja. Nimeomba mara nne. Mara ya mwisho majina yalipotoka nilishuka mpaka ukurasa wa mwisho, nikarudi juu, nikashuka tena, kama vile jina langu lilikuwa limekwama kwenye foleni Ubungo.

Na wa "nenda nje" nao nawaona wanakuja. Mtihani wa Kiingereza, kuhakikiwa vyeti, viza, tiketi, vyote hivyo nivitoe kwenye 394,500 ambayo chumba cha Mbagala kinataka elfu themanini na mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mpigo? Wa "uuguzi ni wito" pitieni uzi mwingine, leo sina nguvu zenu.

Kilichonifanya niandike ni mdogo wangu. Amemaliza kidato cha sita, PCB (fizikia, kemia, baiolojia), ufaulu mzuri. Mzee kapiga simu asubuhi wakati nasubiri daladala, ana furaha: "Msaidie mwenzio kujaza maombi ya chuo, na yeye awe kama wewe." Nikasema mtandao unasumbua, nikakata.

Wenye digrii ya uuguzi mlioko binafsi, tupieni slipu zenu hapa, majina mzibe. Mshahara wa msingi, makato, kinachobaki mkononi, mkoa gani. Dirisha la maombi linafungwa karibuni na mzee atapiga tena jioni.